Jinsi ya Kuonja Makgeolli na Kuipatia Chakula Chake

Mtu akikutana na makgeolli, pombe nyeupe ya mchele ya Korea, swali lake la kwanza huwa: inanywewa na chakula gani? Wakorea watakujibu upesi: pajeon, ile chapati ya vitunguu majani, hasa siku ya mvua. Jibu hilo si baya, ila halitoshi, kwa sababu makgeolli haina ladha moja. Chupa iliyotoka kiwandani juzi na nyingine ya kiwanda hichohicho iliyokaa friji wiki tatu hazifanani mdomoni, na kila moja inataka sahani yake. Kwa hiyo tutaanza na chupa kabla ya kuingia jikoni.

Kwanza, elewa kinachoendelea ndani ya chupa

Mchele hulowekwa, ukapikwa kwa mvuke hadi uive lakini punje zibaki ngumu, kisha ukapoozwa na kuchanganywa na maji na nuruk. Nuruk ni kipande kikavu cha ngano iliyoparazwa, ikalowanishwa, ikashindiliwa na kuachwa iote ukungu. Ndani yake mna kuvu zinazogeuza wanga kuwa sukari, hamira za asili zinazogeuza sukari hiyo kuwa pombe, na bakteria wanaoleta uchachu. Wote hufanya kazi kwa wakati mmoja ndani ya mtungi mmoja.

Pombe inayotoka hapo huitwa wonju, nayo ni kali, aghalabu asilimia 13 au zaidi. Huchujwa kwa chujio lisilobana sana, ndiyo maana machicha laini hupita, kisha huongezwa maji. Makgeolli nyingi za madukani huishia kwenye asilimia 5 hadi 8.

Jambo la kukumbuka ni hili: chupa ambayo haikupashwa moto kuua vijidudu bado ina hamira hai. Hata ndani ya friji kazi inaendelea, ila polepole. Sukari inapungua, gesi inaongezeka, uchachu unapanda. Mnywaji wa Seoul akichukua chupa dukani na kuigeuza, anatafuta tarehe.

Hatua ya 1: Soma lebo

Huhitaji kujua Kikorea. Tafuta alama hii: 생 (saeng). Maana yake ni kwamba pombe haikupashwa moto, iko hai. Ukiona 살균 (salgyun), imepashwa moto. Itakaa miezi mingi bila kubadilika, lakini harufu yake imepungua na gesi iliyomo mara nyingi imeongezwa kwa mashine. Makgeolli nyingi zinazosafirishwa nje ya Korea ni za aina hii ya pili, kwa sababu iliyo hai haivumilii safari ndefu nje ya ubaridi. Kama ndiyo pekee unayoipata mahali ulipo, onja hiyohiyo, ila usiihukumu makgeolli yote kwa kopo moja.

Kisha soma tarehe. Huandikwa mwaka, mwezi, siku. Seoul Jangsu, makgeolli ya kila siku ya wakazi wa Seoul, ilijijengea jina kwa kuuzwa ndani ya siku 10 tu tangu kutengenezwa. Nyingine hupewa mwezi mmoja au zaidi.

Mwisho tafuta 아스파탐, yaani aspateimu, utamu wa maabara unaowekwa kwenye makgeolli nyingi za bei nafuu. Si sumu ya kukukimbiza, lakini unabadilisha hesabu yako: hamira hula sukari ya mchele, ila aspateimu hazili. Chupa yenye aspateimu ikizeeka huwa chachu huku bado tamu, mchanganyiko ambao mimi naona unachosha baada ya bakuli la pili. Isiyo nayo hukauka kweli.

Ukitaka kujua makgeolli isiyotiwa utamu ikoje, Songmyeongseop ya Jeongeup ni mfano mzuri. Imekauka kiasi kwamba mgeni hudhani imeongezwa maji, hadi chakula kifike mezani. Haechang ya Haenam, kusini kabisa, nayo haitiwi aspateimu, lakini utamu wake ni mwingi kwa sababu ya mchele wa kunata. Hutolewa katika ukali mbalimbali, kuanzia asilimia 6 hadi 18, na ile ya 12 ni nzito kama uji mwepesi. Geumjeongsanseong ya Busan, yenye asilimia 8, hutumia nuruk inayoshindiliwa kwa miguu. Ina uchachu wa wazi na harufu ya udongo. Mwaka 1979 ilitambuliwa rasmi kama pombe ya jadi ya kwanza nchini humo.

Usishangae pia ukikuta makgeolli ya ngano. Mwaka 1965 serikali ya Korea Kusini ilipiga marufuku kutumia mchele kutengenezea pombe kwa sababu chakula kilikuwa haba, na watengenezaji wakahamia unga wa ngano. Marufuku ilikuja kuondolewa, lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshazoea ladha ile, na wapo wazee ambao hadi leo huiona ya mchele kuwa laini mno. Ya ngano ina rangi ya manjano kidogo na hukwaruza ulimi zaidi.

Hatua ya 2: Nunua umri, si majina

Anayeanza hushawishika kununua chupa tano za viwanda vitano. Afadhali ununue chupa tatu za kiwanda kimoja, zilizo hai, zenye umri tofauti: ya siku mbili au tatu, ya wiki moja na kitu, na nyingine iliyokaribia mwisho wa tarehe yake. Ukikosa dukani, nunua tatu za siku moja uzinywe kwa kuachanisha wiki. Zoezi hili moja litakufundisha zaidi ya kuzunguka na majina.

Zisimamishe wima. Vizibo vya chupa nyingi za makgeolli hai havizibi kikamilifu. Vinaacha upenyo ili gesi itoke, na ukiilaza chupa friji yako itanuka wiki nzima.

Hatua ya 3: Ipooze, iache ituame

Iweke kwenye friji usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi utaona tabaka mbili: juu maji ya rangi ya majani makavu, chini machicha meupe. Joto zuri la kunywea ni kati ya nyuzi 5 na 10. Ikiwa baridi kupita hapo, ulimi hauoni kitu zaidi ya gesi. Ikipata joto la chumba, harufu ya hamira inatawala.

Andaa glasi angavu kwa ajili ya kuonja. Bakuli tuliweke kwa ajili ya chakula.

Hatua ya 4: Fungua bila kuoga

Kwanza fungua taratibu bila kutikisa na umimine kidogo ile ya juu kwenye glasi ya kwanza. Hiyo utaionja peke yake. Funga tena.

Sasa changanya iliyobaki. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Igeuze kichwa chini, irudishe, izungushe polepole mpaka machicha yote yanyanyuke. Kama ni chupa ya plastiki, ibonyeze ubavuni kwa mkono mmoja huku ukilegeza kizibo kwa mwingine. Nafasi iliyobaki ndani inapokea povu.

Kuna chupa ambazo hazitaki hata hilo. Boksoondoga ya Ulsan ina gesi nyingi ya asili hivi kwamba kizibo kikilegezwa tu, mapovu yenyewe huinua machicha kutoka chini. Legeza, povu likipanda funga, subiri lishuke, legeza tena. Rudia hadi litulie. Weka beseni chini kama umevaa nguo nyeupe.

Hatua ya 5: Onja mara mbili

Hapa ndipo pa kukaa. Onja ile angavu ya juu, kisha ile iliyochanganywa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi ya machicha, na ukishaijua utaelewa kwa nini makgeolli inaenda na mafuta. Huko Jeonju, kwenye mitaa ya baa za makgeolli kama Samcheon-dong, unaweza kuagiza birika la ile ya juu pekee. Wenyeji wana sababu: ni nyepesi tumboni, na jioni ya pale huwa ndefu.

Nusa kabla ya kunywa. Ikiwa changa utapata matunda: peasi, tikiti, wakati mwingine ndizi mbivu. Ikikua, yanakuja maziwa ya mgando na unga wa ngano mbichi. Harufu ya uyoga, majani makavu au udongo uliolowa inatoka kwenye nuruk, na si kasoro hata kidogo. Kwenye makgeolli ya jadi ndiyo sahihi ya mtengenezaji. Ila ukinusa siki kali inayochoma pua, au rangi ya kucha, hiyo imeharibika.

Kunywa funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha jiulize kwa mpangilio huu:

Utamu uko wapi? Kama unabaki muda mrefu baada ya kumeza, mara nyingi ni aspateimu. Utamu wa mchele huondoka mapema.

Uchachu ni wa aina gani? Ule laini wa mtindi ni wa bakteria wa asidi ya maziwa, na ndio tunaoutaka. Upime kwa mate: kadiri mate yanavyojaa pembeni mwa ulimi, ndivyo pombe hiyo itakavyoweza kusafisha mafuta.

Kuna uchungu au ukakasi? Kidogo kinafaa, hasa kwenye nuruk ya ngano. Ukakasi ule unaokausha ufizi ukizidi, chakula chenye chumvi kitauongeza, kwa hiyo uandike.

Gesi je? Inachoma, inatekenya, au imekufa?

Mwisho, uzito. Aliyezoea mbege au togwa hatashtushwa na machicha, lakini angalia kama yanapita kooni laini au yanaacha mchanga.

Andika maneno mawili matatu kwa kila chupa pamoja na tarehe yake. Si lazima maneno ya kitaalamu. “Tamu, gesi, peasi” inatosha. “Kavu, chachu, uyoga” inatosha.

Hatua ya 6: Ipatie chakula

Sasa maandishi yako yanakuwa orodha ya jikoni. Chakula kinacholiwa pamoja na pombe Wakorea hukiita anju, na kwao ni nadra mtu kunywa bila hicho.

*Ikiwa changa, tamu na yenye gesi*, ipe pilipili. Kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili) iliyokaangwa na nyama ya nguruwe, ikazungushwa vipande vya tofu moto, ndiyo sahani ninayoiona inafaa kuliko zote kwa makgeolli ya siku tatu. Utamu unatuliza pilipili, machicha yanafunika ulimi, na tofu haina ladha ya kushindana. Konokono wa baharini waliochanganywa na mboga mbichi na gochujang, rojo la pilipili lililochachushwa, nao wanafaa. Usiwape chupa kavu. Pilipili bila utamu wa kuipoza inaonekana kali maradufu.

*Ikiwa ya katikati*, yaani gesi bado ipo lakini uchachu umeanza kusikika, hapo ndipo pajeon inapostahili sifa zake. Mafuta ya kikaango yanataka asidi na mapovu. Tengeneza hivi: gramu 150 za unga wa ngano, vijiko viwili vikubwa vya unga wa mchele, chumvi, na mililita 200 hivi za maji baridi ya barafu. Koroga kidogo tu. Mabonge machache hayana neno, lakini ukikoroga sana itakuwa kama mpira. Tia mafuta mengi kuliko unavyotaka kukiri, panga vitunguu majani vizimavizima, mwagia unga juu, tupia kamba au ngisi, kisha yai lililopigwa. Geuza mara moja ikishakuwa na rangi ya dhahabu na kingo zimekauka. Mchuzi wa kuchovea ni soya vijiko viwili, siki kijiko kimoja, mafuta ya ufuta matone machache, pilipili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, rahisi zaidi pengine ni bindaetteok, chapati ya choroko. Ukitembelea soko la Gwangjang jijini Seoul utaona mashine za mawe zikisaga choroko mbele ya wateja na chapati zikielea kwenye mafuta. Loweka vikombe viwili vya choroko zilizokobolewa kwa saa nne au usiku kucha, chuja, saga na maji kidogo ibaki na chengachenga. Ongeza kimchi iliyokatwakatwa, choroko zilizochipua na nyama ya nguruwe iliyosagwa. Asiyekula nguruwe aweke ng'ombe au aache kabisa, choroko zinajitosheleza. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka nje ikauke na ndani ibaki laini. Unga huu haungoji: saga, changanya, kaanga. Na kama mezani yupo asiyetumia kileo, sikhye, kinywaji kitamu cha mchele na kimea kinachonywewa baridi, kinakaa vizuri pembeni yake.

*Ikiwa kongwe, kavu na chachu*, wengi huirudisha friji kwa kukata tamaa. Hapo ndipo mimi huitafutia nyama ya mafuta. Bossam, nyama ya nguruwe ya tumbo iliyochemshwa na kufungwa kwenye jani la kabichi pamoja na kamba wachanga wa chumvi, inaikubali chupa ya namna hii kuliko pajeon inavyoikubali. Utamu ungefanya mafuta yakinaishe, uchachu unayakata.

Kilele cha kundi hili kiko mkoa wa Jeolla Kusini: hongeo, samaki wa jamii ya taa aliyechachushwa mpaka anatoa amonia inayopasua pua. Humla pamoja na nguruwe wa kuchemsha na kimchi ya siku nyingi, na makgeolli hufuata mara moja. Mchanganyiko wa samaki huyo na makgeolli hata una jina lake, hongtak. Asidi ya pombe inapunguza makali ya amonia, na machicha yanatuliza koo. Siwezi kukuahidi utapenda. Ukijaribu, toa pumzi kwa mdomo, usivute kwa pua.

*Ikiwa nzito na kali*, kama Haechang ya 12 au wonju isiyotiwa maji, tumia vikombe vidogo na chakula kidogo: njugu, persimoni zilizokaushwa, nyama kavu. Ukiipa sahani kubwa ya kukaanga, utashiba kabla hujaonja kitu.

Zipo pia za kutiwa ladha: ya njugu nyasa kutoka kisiwa cha Udo, ya chestinati kutoka Gongju, ya mbegu za msonobari kutoka Gapyeong. Nyingi ni tamu mno kwa mlo. Zinyweni mwisho, mahali pa keki.

Kitu kimoja cha kuepuka: samaki mbichi mwenye ladha ya upole pamoja na makgeolli tamu. Machicha yanamfunika kabisa. Mpe yakju, ile pombe ya mchele iliyochujwa ikawa angavu.

Hatua ya 7: Mezani

Ondoa glasi za kuonjea, leta mabakuli mapana na birika. Kwenye baa za kawaida birika hilo ni la alumini ya manjano, na likiwa limebonyea ubavuni hakuna anayejali. Lizungushe kila kabla ya kumimina, maana machicha hutuama upesi. Anayemiminiwa mwisho bila kuzungushwa anapata uji.

Mmiminie mwenzako, naye akumiminie. Kujimiminia mwenyewe si desturi. Kwa mkubwa wako kiumri, mimina kwa mikono miwili, pokea kwa mikono miwili, na unapokunywa geuza uso kidogo pembeni. Mwaka 2021 Korea Kusini iliuweka utengenezaji wa makgeolli na utamaduni wa kuinywa kwa kushirikiana kwenye urithi wake wa taifa usioshikika.

Usidanganywe na wepesi wake. Chupa moja ya mililita 750 yenye asilimia 6 inakaribia chupa mbili za nusu lita za bia ya kawaida, na machicha yanashibisha, kwa hiyo punguza wali usiku huo.

Kilichobaki kwenye chupa

Makgeolli iliyofunguliwa inywe ndani ya siku mbili tatu. Ikishakuwa chachu kupita kiasi cha kunywewa, pika sulppang, mkate wa mvuke. Changanya gramu 300 za unga wa ngano, makgeolli takriban mililita 250, vijiko vinne vya sukari na chumvi kidogo. Unga uwe mzito wa kumiminika kwa shida. Funika, uweke mahali pa joto kwa saa nne hadi sita mpaka uumuke na kujaa matundu, kisha upike kwa mvuke dakika 30 hivi, juu ukiwa umetupia zabibu kavu au maharage matamu. Hapa tena angalia lebo: ikiwa ni ile iliyopashwa moto, hamira zake zimekufa na unga hautaumuka, basi ongeza kijiko kidogo cha hamira ya dukani.